Wimbo Ulio Bora katika maisha ya kiroho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa kifupi, kitabu hiki kinahusu nini?

Ni mashairi ya mapenzi. Mwanamke na mwanamume wanasifiana, wanatafutana, wanapoteana, wanaonana tena, na "binti za Yerusalemu" wanaingilia kati kama waitikiaji wa wimbo. Sauti ya mwanamke ndiyo inayosikika zaidi. Yeye ndiye anayeanza na yeye ndiye anayemaliza. Kina sura 8 na mistari 117, unakimaliza jioni moja bila haraka. Hakuna amri ndani yake, hakuna unabii, wala kisa kilichonyooka toka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana anayekisoma kama anavyosoma Waraka kwa Warumi hutoka mikono mitupu.

Mungu hatajwi. Kiliingiaje kwenye Biblia?

Karibu hatajwi kabisa. Katika 8:6 Biblia ya Union inasema miali ya upendo "ni miali ya Yahu", basi. Lakini hata Esta ni hivyo hivyo, na hakuna anayekikataa.

Mashaka yalikuwepo tangu zamani, na aliyeyajibu kwa ukali kuliko wote ni Rabi Akiba, aliyeuawa na Warumi yapata mwaka 135. Alisema maandiko yote ni matakatifu, ila Wimbo huu ni patakatifu pa patakatifu. Akaongeza kwamba anayeuimba kwenye nyumba za karamu kama wimbo wa kawaida hana fungu katika ulimwengu ujao. Bila shaka alisema hivyo kwa sababu watu walikuwa wanauimba huko. Wayahudi mpaka leo huusoma majira ya Pasaka, kwa kuwa wanasikia humo habari za Bwana na Israeli, tangu kutoka Misri.

Kwa hiyo usomaji wa kiroho wa kitabu hiki haukubuniwa na Wakristo. Waliukuta.

Mwandishi ni Sulemani?

Mstari wa kwanza unamtaja, na mapokeo yamemshikilia. Lakini soma 8:11-12: Sulemani ana shamba lake kubwa la mizabibu huko Baal-hamoni, na anayeimba anamwambia abaki na fedha zake, kwa maana shamba langu mimi ninalo mwenyewe. Ukichukua shamba kuwa picha ya mpenzi, na ukikumbuka kwamba 1 Wafalme 11:3 inampa mfalme huyo wake 700 na masuria 300, unaona utani uliomo. Kwa tafakuri, jibu la swali hili halibadilishi sana.

Nani katika Kanisa alianza kuusoma kama wimbo wa Kristo?

Hippolytus, mwandishi wa Kikristo, aliandika ufafanuzi mapema katika karne ya 3, lakini aliyeweka msingi ni Origen wa Aleksandria. Ufafanuzi wake ulikuwa na vitabu 10. Vilivyotufikia ni vya mwanzo tu, kwa tafsiri ya Kilatini ya Rufinus, pamoja na mahubiri mawili yaliyotafsiriwa na Jeromu. Jeromu alisema kwamba katika vitabu vingine Origen aliwashinda wote, na katika hiki alijishinda mwenyewe.

Origen aliona hatua tatu katika vitabu vinavyohusishwa na Sulemani. Mithali inafundisha kuishi vema. Mhubiri inafundisha kuona kwamba mambo ya dunia yanapita. Baada ya hapo tu ndipo mtu anafika kwenye Wimbo, apendane na Mungu. Mpangilio huo una busara. Mtu asiyeweza kumlipa jirani deni lake asikimbilie kuzungumzia kuungana na Bwana Arusi.

Agano Jipya linaunga mkono usomaji huo?

Haliunukuu Wimbo moja kwa moja hata mara moja, na ni vizuri kulikubali hilo. Lakini picha ya arusi imetapakaa kila mahali. Yohana Mbatizaji anajiita rafiki yake bwana arusi (Yohana 3:29). Yesu anauliza kama walioalikwa arusini wanaweza kufunga wakati bwana arusi yupo (Marko 2:19). Paulo anawaambia Wakorintho kwamba amewaposea mume mmoja, ndiye Kristo (2 Wakorintho 11:2). Ufunuo unafungia na arusi ya Mwana-Kondoo. Na nyuma ya hayo yote wapo manabii: Hosea na mke wake, Isaya 54:5, Yeremia 2:2 ambapo Mungu anakumbuka upendo wa uchumba wa Israeli jangwani.

Kisha kuna Maria Magdalena katika Yohana 20. Ni giza bado, mwanamke anamtafuta ampendaye, anawauliza waliopo, hapati jibu la maana, halafu ghafla yuko mbele yake. Weka hapo Wimbo 3:1-4 ukalinganishe. Kanisa Katoliki husoma kifungu hicho cha Wimbo siku ya sikukuu yake, tarehe 22 Julai.

Bibi arusi ni nani hasa: Kanisa, mimi, au Bikira Maria?

Wote wamewahi kutajwa. Origen alishika mawili ya kwanza kwa pamoja: Kanisa lote, na nafsi ya mwamini mmoja mmoja. Katika karne ya 12 Rupert wa Deutz aliufafanua wote kwa habari za Maria. Martin Luther hakuridhika na lolote kati ya hayo. Yeye aliona Sulemani anamshukuru Mungu kwa ajili ya ufalme wenye amani. Wachache walimfuata.

Ushauri wangu: anza na Kanisa, kisha ujiweke ndani yake. Anayeanza na nafsi yake peke yake hujikuta na Yesu wa faragha, asiyehitaji ndugu wala ushirika. Hata bibi arusi wa Wimbo hamtafuti mpendwa wake bila kuwasihi wenzake wamsaidie.

Mimi ni mwanamume. Nitajionaje bibi arusi?

Wengi waliotuachia mahubiri na tafakuri za Wimbo walikuwa wanaume, tena watawa. Haikuwasumbua. Bibi arusi hapa ni nafasi ya mtu anayependwa kwanza na kuitwa. Anayeona ugumu hapo mara nyingi ugumu wake ni kupokea.

Kuusoma kwa habari ya Kristo si kuwanyang'anya wanandoa kitabu chao?

Imekuwa hivyo mara nyingi, na malalamiko hayo ni ya haki. Kwa karne nyingi wafafanuzi waliruka mwili haraka haraka kana kwamba Roho Mtakatifu alikosea kuuweka. Kosa la upande wa pili nalo lipo. Theodore wa Mopsuestia, askofu wa kale, alisema ni wimbo wa Sulemani kwa binti Farao, hakuna zaidi, na maandishi yake yalilaaniwa kwenye Mtaguso wa Konstantinopoli mwaka 553, pamoja na mambo mengine mazito zaidi.

Mimi nasimama hapa: upendo wa mume na mke katika Wimbo si ganda la kumenya na kutupa ili tupate tunda la kiroho. Tafakuri ya Kristo inasimama juu yake, na ukiuondoa, inaanguka. Mtazame Paulo katika Waefeso 5. Ananukuu Mwanzo, mwanamume ataambatana na mkewe nao watakuwa mwili mmoja, kisha anasema, "Siri hiyo ni kubwa, ila mimi nanena habari ya Kristo na Kanisa." Wengi wetu tungeishia hapo, tumeshapaa. Yeye mstari unaofuata anarudi chini: kila mtu ampende mke wake. Anakwenda kwa Kristo na kurudi nyumbani ndani ya sentensi tatu, na hakuna upande anaouacha.

Kuna jambo jingine la kutazama hapo. Katika Mwanzo 3:16, baada ya anguko, mwanamke anaambiwa tamaa yake itakuwa kwa mumewe, naye atamtawala. Katika Wimbo 7:10 mwanamke anasema yeye ni wa mpendwa wake, na shauku ya mpendwa huyo iko juu yake. Utawala haumo. Wawili hawa wako bustanini tena na hakuna anayemkalia mwenzake. Kama habari njema ni kuponywa kwa yale yaliyoharibika Edeni, basi ndoa yenyewe ni sehemu ya habari hiyo kabla hujaitafutia maana nyingine. Mwanamume anayeombea Wimbo alfajiri na kumtukana mkewe kabla ya kustaftahi hajausoma, wala kimwili wala kiroho.

Je, kila kitu kina maana iliyofichika? Nimesikia maziwa mawili, yaani matiti ya bibi arusi, ni Agano la Kale na Agano Jipya.

Umesikia sawa, ufafanuzi huo upo tangu zamani. Wengine walisema ni upendo kwa Mungu na upendo kwa jirani. Meno, nywele, mbuzi wa Gileadi, pua iliyo kama mnara wa Lebanoni, kila kimoja kilipewa tafsiri. Hayo yanafurahisha, na mara nyingine yanajenga, lakini hayana breki. Mhubiri mmoja akisema makomamanga ni mitume na mwingine akisema ni fadhila, nani atawaamua?

Njia salama ni kufuata mwendo wa upendo badala ya vitu. Kutamani, kuitwa, kusitasita, kupoteza, kutafuta, kukuta, kusifu. Mwendo huo kila aliyewahi kusali anaujua, na hauhitaji kamusi ya mafumbo.

Na mbweha wadogo wa 2:15?

Mahubiri kuhusu dhambi ndogo ndogo zinazoharibu mizabibu ni ya zamani sana na hayana ubaya. Angalia tu mstari unasema mizabibu inachanua. Hatari inakuja wakati mambo yanakwenda vizuri.

Nikisoma napata aibu, au mawazo yanakwenda kwingine. Nifanyeje?

Hauko peke yako. Origen aliwaonya wale ambao bado wanasumbuliwa na mwili wajiepushe na kitabu hiki, akataja desturi ya Wayahudi ya kuwachelewesha vijana wasikisome mapema. Teresa wa Avila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, anasimulia kwamba alisikia mahubiri kuhusu upendo yaliyotumia maneno ya Wimbo, na watu wakacheka. Alishangaa. Kwake kicheko kile kilionyesha jinsi tulivyo na mazoezi haba ya kumpenda Mungu. Alipoandika tafakuri zake mwenyewe juu ya Wimbo, muungamishi wake alimwamuru azichome moto. Akazichoma, lakini nakala zilikuwa zimeshatoka mikononi mwake, ndiyo maana tunazo.

Aibu yenyewe si dhambi. Kama mawazo yanakutoroka, usipigane nayo kwa kujidai kwamba maneno hayasemi yanachosema. Kubali kwamba yanasema hivyo, mshukuru Mungu aliyeumba mwili, uendelee. Na kama ni majira ambayo kitabu kinakuchochea vibaya, kiweke. Zaburi 42 na 63 zina kiu ile ile.

Kwa nini Bernard wa Clairvaux anatajwa kila mara?

Kwa sababu hakuna aliyekaa na kitabu hiki kama abati huyo wa Ufaransa. Alianza kuwahubiria watawa wake mwaka 1135, akafa mwaka 1153 akiwa ametoa mahubiri 86, na alikuwa ndiyo kwanza ameingia sura ya tatu. Busu la 1:2 peke yake lilimchukua mahubiri kadhaa: kwanza unabusu miguu ya Bwana, ndiyo toba, kisha mkono wake unaokuinua, na mwisho ndipo unathubutu kuomba busu la kinywa. Hakuna kuruka hatua.

Ninachompendea zaidi ni mahali alipovunjikiwa. Katika mahubiri ya 26 anaeleza mahema ya Kedari (1:5), na katikati anashindwa. Ndugu yake Gerard amefariki, amemzika bila kutoa chozi, na sasa hawezi kujizuia. Mahubiri yote yanageuka maombolezo. Mtu aliyesema mengi hivyo kuhusu upendo wa mbinguni hakuona haya kumlilia ndugu yake wa damu mbele ya watawa wote.

Nasali na sisikii chochote. Kitabu hiki chenye raha hivi kitanisaidia nini?

Hapa ndipo kinaposaidia kuliko pengine popote, kwa sababu sehemu kubwa yake si raha. Soma 5:2 hadi 6:3 polepole.

Mwanamke amelala lakini moyo wake u macho. Mpendwa anabisha hodi, kichwa kimelowa umande. Na yeye ana sababu: kanzu ameshaivua, miguu ameshainawa, aichafue tena? Tazama zilivyo ndogo sababu hizo. Hakuna usaliti, hakuna uasi. Ni uvivu wa mtu aliyekwisha jifunika. Mpendwa anapitisha mkono penye tundu la mlango, moyo wa mwanamke unashtuka, anaamka, vidole vinadondosha manemane kwenye vipini vya komeo. Anafungua. Hayupo.

Wahubiri wengi husema aliondoka ili kumwadhibu. Sioni. Katika kifungu chote mwanamume hatamki neno moja la hasira. Gregori wa Nisa, aliyeandika mahubiri 15 juu ya Wimbo katika karne ya 4, aliona kitu kingine: Mungu hana mwisho, hivyo kila unapomfikia anakuwa tena mbele yako, na kule kuendelea kumtamani ndiko kumpata. Bernard naye anakiri katika mahubiri ya 74 kwamba Neno alimjia mara nyingi, na hakuwahi kutambua saa ya kuingia wala ya kutoka. Alijua tu kwa moyo kuwa na joto, kisha kupoa. Yohane wa Msalaba, mtawa wa Hispania, alianza kutunga shairi lake la bibi arusi anayemtafuta aliyejificha akiwa amefungwa Toledo, mwaka 1577 hadi 1578, na waliomfunga walikuwa watawa wa shirika lake mwenyewe.

Rudi kwenye kifungu. Binti za Yerusalemu wanamuuliza: mpendwa wako ana nini kuliko wengine? Na yeye, ambaye hajui mpendwa alipo, anamwelezea tangu kichwa mpaka miguu (5:10-16). Sifa hizo ndefu anazitoa wakati mpendwa hayupo. Akimaliza wanamuuliza tena: amekwenda wapi? Sasa anajua. Ameshuka bustanini mwake (6:2). Hakuna aliyemwambia. Alijua kwa kusifu.

Kwa hiyo katika ukavu, jaribu hilo. Acha kujipima kama unahisi kitu. Mweleze Kristo jinsi alivyo, kwa sauti ukiweza, kutoka Injili: alivyomgusa mwenye ukoma, alivyolia kaburini, alivyonyamaza mbele ya Pilato.

Walinzi waliompiga katika 5:7 wana maana gani?

Wapo waliosema ni malaika, wapo waliosema ni wachungaji wanaomwonya. Mimi nasita kuwatakasa. Ni watu wenye kazi ya kulinda mji, wamemkuta mwanamke peke yake usiku, wakampiga, wakamjeruhi, wakamvua shela. Aliyeumizwa na watu waliopewa kumlinda, hata ndani ya kanisa, atajiona hapo, na asiambiwe kwamba yale mapigo yalikuwa ya upendo. Kinachonishangaza ni kwamba hakuacha kutafuta.

"Msiyachochee mapenzi" inatuambia nini?

Inarudiwa mara tatu (2:7, 3:5, 8:4), si bure. Kwa vijana ni onyo la wazi. Kwa maombi pia: hisia za ibada hazilazimishwi kwa kelele. Zitaamka zenyewe.

Sijaolewa, au ndoa yangu imevunjika. Kitabu hiki kinanihusu?

Kinakuhusu, lakini usikubali anayekuambia "Yesu ndiye mume wako" ili unyamaze kuhusu upweke wako. Upweke unabaki kuwa upweke, nao una nafasi katika sala. Wimbo unampa maneno anayekosa kuliko anayepata. "Maji mengi hayawezi kuuzimisha upendo" ni neno ambalo mjane anaweza kulishika kwa mikono miwili, moja kwa ajili ya aliyelala, moja kwa ajili ya Mungu.

Nyimbo za sifa zinazomwita Yesu "mpenzi wangu" zinafaa?

Mapokeo yanaruhusu. Pima kwa jambo moja: je, wimbo unajua anaimbiwa nani? Katika Wimbo Ulio Bora mpendwa anasifiwa kwa sura yake, sauti yake, mwendo wake. Kama unaweza kuondoa jina la Yesu na kumwimbia yeyote bila kubadilisha kitu, tatizo ni utupu, siyo mapenzi.

Nianzie wapi?

Usianze na vitabu vya ufafanuzi. Soma sura zote 8 kwa mfululizo, ukitazama nani anasema. Biblia nyingi zinaonyesha wasemaji pembeni. Kisha chagua kifungu kimoja kifupi, tuseme 2:8-14, ukae nacho wiki nzima. Siku za kwanza kisome kama shairi la watu wawili tu: milima, dirisha, mvua iliyokwisha, sauti ya hua. Ukishakionja hivyo ndipo umsikie Kristo akisema "ondoka, uje zako". Ukigeuza mpangilio huo utapata fundisho, na mvua hutaisikia.

Kisomwe na watoto au kwenye kipindi cha vijana?

Vijana, ndiyo, mkiwa na kiongozi asiyecheka wala kuona haya. Kianzeni sura ya 8 mstari wa 6 na 7, mjadili kwa nini mtu angetoa mali yote ya nyumba yake kununua upendo na bado adharauliwe. Watoto wadogo wakutane na kondoo na bustani kwanza.